Uliza Tena Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti. Kituo cha ushauri kilikuwa Kilburn, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mazulia, na ngazi zake zilinuka sufi mpya na mvua. Wateja waliokaa kwenye benchi waliponiona walinyoosha migongo, mmoja akaificha sigara yake nyuma ya kiti. Walidhani nimetumwa na serikali kuwakagua. Meneja wa Kituo, mama wa Kiayalandi aliyevaa sweta lililotoboka kiwikoni, alinitazama kuanzia tai mpaka viatu.

"Kesho," akasema, "njoo umevaa kama mtu aliyekuja kwa basi."

"Nimekuja kwa basi."

"Basi acha lionekane."

Nilikuja London kusoma fasihi. Nilikuwa na shahada moja mkononi na ya pili njiani, na tasnifu ambayo mpaka leo iko njiani. Kituo kilitaka mtu anayejua Kiswahili, kwa sababu ya wazee wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam waliokuwa wakifika pale na bahasha za hudhurungi ambazo hawakuzifungua. Nikajiambia nitakaa miezi sita, nikusanye visa vya kuandikia hadithi. Nikakaa miaka ishirini na saba. Hadithi sikuandika hata moja, ila nilijaza fomu nyingi, na nyinyi vijana mnaoanza kazi hii leo mbele ya kompyuta zenu huenda mkapenda kujua zilivyokuwa zikijazwa.

Mshauri si karani wa serikali, wala si wakili. Ni mtu anayekaa katikati ya mteja na bahasha. Serikali ya nchi hii ina misaada ya aina nyingi kwa asiye na kazi, mgonjwa, mlezi na mzee, na Waswahili wa London huiita yote kwa neno moja, benefiti. Mteja husema, "Nimekuja kwa ajili ya benefiti," kama mtu anayeingia hospitali na kusema amekuja kwa ajili ya ugonjwa. Kazi ya mshauri huanzia hapo. Anapaswa kujua ni ipi, na kabla ya hapo anapaswa kujua mtu huyu anaishi vipi, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu anayemweleza mgeni aliyevaa suti.

Mchana wa siku ile ile Meneja alinichukua kwenda kumtembelea mzee mmoja nyumbani kwake, jirani na stesheni. Aliniachia kalamu. Nikamuuliza yule mzee kama anapanda ngazi bila taabu. Akajibu hana taabu yoyote. Nikaandika: hana taabu. Meneja akainuka, akachukua vikombe vyetu vya chai, akampelekea mke wa mzee jikoni na kukawia huko. Tulipotoka nje akanieleza kwamba mzee yule hupanda ngazi kwa kukaa kitako, ngazi moja moja, kinyumenyume.

"Umeuliza mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara moja."

"Basi umeuliza nusu. Swali huulizwa mara mbili. Mara moja sebuleni, halafu unauliza tena jikoni. Sebuleni utapewa heshima ya nyumba. Jikoni utapewa habari zake."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Chuo kikuu kilikuwa kimenifundisha kwamba jambo likishapigiwa mstari limeshajulikana, na halihitaji kukumbukwa tena.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Tooting. Mratibu wa pale alikuwa mtu mkimya aliyekula mkate wake amesimama dirishani, na alinifundisha kitu kimoja tu, lakini kwa ukamilifu: namna serikali inavyowatambua mume na mke. Kwenye sheria za misaada, wawili wanaoishi pamoja kama mume na mke ni kaya moja. Fomu yao moja, kipato chao kimoja, na akikosea mmoja wamekosea wote. Cheti cha ndoa si lazima, na kutokuwa nacho hakuwaokoi. Afisa huuliza mambo mengine. Nani anapika? Nguo za nani zinafuliwa pamoja na za nani? Mnakula meza moja? Majirani wanawachukulia vipi? Kitanda kilikuwa swali la mwisho kwenye orodha, na mara nyingi hawakulifikia. Serikali ya Uingereza nayo ina haya zake.

"Watu watakuja kukwambia wameachana," Mratibu alinionya. "Usiwaulize kama wanapendana. Waulize nani amenunua sabuni."

Kutoka Tooting nilikwenda Wembley, na huko ndiko nilikomalizia. Ofisi ilitazamana na duka la vitambaa na mgahawa wa bhajia, na siku za mechi tulifunga mapema, maana hakuna mteja aliyeweza kupita kwenye umati ule. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Kesi, Mhindi aliyezaliwa Dar es Salaam, ambaye baba yake alikuwa na duka Kariakoo. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani hasa: cha haraka, hakikupindapinda, na kilijua kusema hapana. Ndiye aliyesoma kila faili niliyofungua.

"Bwana Masoud," aliniambia wiki ya kwanza, "umesoma sana, naona. Unaeleza vizuri mno. Sasa sikiliza. Mteja akikaa na wewe saa nzima anaondoka na sentensi moja. Na hiyo moja huichagui wewe. Kwa hiyo punguza sentensi."

"Nitajitahidi."

"Na mifano usitoe. Mfano mteja anakwenda nao nyumbani."

Hayo sikuyapigia hata mstari. Nilikuwa najulikana kwa mifano yangu.

Sasa niieleze sheria iliyoniletea Mzee Khatib. Zamani mume na mke walihesabiwa kwa umri wa aliye mkubwa. Mmoja akifika umri wa kustaafu, hata kama mwenzake bado, nyumba nzima iliweza kuomba nyongeza ya pensheni, ambayo ni msaada wa wazee wenye pensheni ndogo. Kisha sheria ikageuzwa, muda mfupi kabla ya gonjwa la korona. Waombaji wapya wakaanza kuhesabiwa kwa umri wa aliye mdogo. Mkubwa angoje mpaka mdogo naye azeeke. Kwa sasa waombe pamoja msaada wa watu wenye umri wa kufanya kazi, na yule mdogo atie saini ahadi ya kutafuta kazi saa thelathini na tano kwa wiki, aripoti kwa kijana anayeitwa kocha wa kazi, na aeleze kila juma ametafuta wapi.

Mzee Khatib aliondoka Unguja akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi. Alifanya kazi kwenye dobi la hospitali, kisha akawa mlinzi wa geti la uwanja wa mpira, ambapo alisimama miaka mingi bila kuona goli hata moja, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwatazama watazamaji. Alipita miaka sabini ndipo akaacha, na hakuacha kwa hiari. Kiharusi kidogo kilimpitia na kumwachia mkono wa kulia uliosikia amri kwa kuchelewa. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa na miaka hamsini na tisa. Aliwahi kuosha vyombo kwenye jiko la shule, mpaka shule ilipoajiri kampuni. Watoto wao wawili walikuwa wameshahamia mbali, kila mmoja na maisha yake. Wazee hawa walibaki wawili kwenye fleti ya chumba kimoja cha kulala.

Walikuja pamoja. Yeye kanzu na koti, amenyolewa vizuri, kofia imekaa sawasawa. Mkewe buibui na mkoba mkubwa, akakaa hatua moja nyuma ya kiti cha mumewe ingawa nafasi ilikuwepo mbele.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee Khatib. "Tumeletewa barua. Inasema huyu akatafute kazi. Huyu, na umri wake huu."

Nikawaeleza sheria. Bi Zuwena akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi kazi siiogopi," akasema. "Nimefanya kazi tangu nimeingia nchi hii. Lakini saa zote hizo niwe nje?"

"Kuna sababu inayokuzuia, mama?"

Akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama barua.

Sababu nilikuwa naitafuta kwa makusudi. Kuna msaada mwingine, posho ya kutunzwa, anaolipwa mzee ambaye mwili wake unahitaji mkono wa mtu katika kuoga, kuvaa, kula au kwenda msalani. Mzee akiipata posho hiyo, mke anayemtunza saa thelathini na tano kwa wiki huhesabiwa mlezi, na mlezi hatumwi kutafuta kazi. Mlango ulikuwa pale pale. Nikaifungua fomu, nikauliza.

"Mzee, unavaa mwenyewe?"

"Navaa."

"Kuoga?"

"Naoga. Kwani mtu haogi?"

"Kwenda chooni usiku, hakuna anayekushika?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kufunga mazungumzo. "Bwana Masoud, mimi sijambo. Alhamdulillahi. Mkono huu mzito kidogo tu."

Bi Zuwena alikuwa anatazama nje, kwenye duka la vitambaa. Nikaandika: anajiweza. Miaka zaidi ya ishirini tangu siku ile ya Kilburn, nikaandika: anajiweza.

Wakati wa kuondoka Mzee Khatib aliniuliza, kama mtu anayepitisha muda, "Na mimi ningekuwa peke yangu, ningehesabiwa vipi?"

Lilikuwa swali zuri la nadharia, na mimi ni dhaifu mbele ya maswali ya nadharia. Nikamchorea kwenye karatasi visanduku viwili. Hiki wewe, mstaafu, unapata nyongeza yako bila kuulizwa neno. Hiki yeye, anahesabiwa kwa hali yake, hakuna anayekufunga na umri wake. Nikamaliza kwa kusema, "Kwa mfano tu, lakini." Akaikunja ile karatasi vizuri, kwa mkono wa kushoto, akaitia mfukoni.

Baada ya wiki saba alirudi peke yake. Akakaa, akatoa karatasi nyingine, akaisukuma juu ya meza. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mashahidi wawili wa msikitini. Ilikuwa talaka, moja.

"Hiyo hapo," akasema. "Sasa niandikie peke yangu, na yeye peke yake. Asitafute kazi mtu yeyote."

Nikaisoma mara mbili. "Mzee Khatib, umemwacha Bi Zuwena?"

"Moja tu. Ya rejea. Si ulisema mwenyewe?"

"Mimi nilitoa mfano."

"Na mimi nimeufuata."

"Bi Zuwena yuko wapi sasa?"

"Nyumbani. Yumo edani. Nimtoe wapi? Sheria inasema mke akae nyumba ya mumewe mpaka eda iishe."

"Sheria ipi?"

"Ya Mungu. Kwani kuna nyingine?"

"Ipo nyingine, mzee wangu, na hiyo ndiyo inayosoma fomu. Chakula anapika nani?"

"Yeye."

"Sabuni ananunua nani?"

"Yeye." Akaanza kuona. "Lakini mimi nalala sebuleni."

"Hawataulizia huko. Wataona mtu na mkewe wanaishi nyumba moja, anapika, anafua. Kwao nyinyi ni mume na mke. Na hata mngetengana kweli, kwa umri wake yeye peke yake bado angetumwa kutafuta kazi. Umeshawapelekea karatasi hii?"

"Nimekuletea wewe kwanza."

Hiyo ilikuwa bahati, na ndiyo bahati pekee niliyokuwa nayo siku ile. Mbele ya serikali alikuwa mume. Mbele ya Mungu alikuwa ameshamwacha mkewe wiki tano, na eda ya mwanamke wa umri ule ni miezi mitatu. Ikiisha kabla hajamrejea, itabidi amwoe upya, kwa mahari mapya na kwa ridhaa yake. Si jambo la kusema ulikuwa unatania, kwa sababu talaka, kama kila mtoto wa madrasa anavyojua, haina mzaha.

Ndipo nikamtazama vizuri. Kofia ilikuwa imelalia sikio. Shavu moja lilikuwa limenyolewa na jingine bado. Chini ya koti alivaa shati, si kanzu, na vifungo vyake vilianza shimo lisilo lake na kuendelea hivyo hivyo mpaka chini, vitatu vikiwa wazi kabisa. Miguuni, na nje kulikuwa na baridi kali, alivaa ndara na soksi. Mara ya kwanza nilimwona mtu nadhifu. Unadhifu ule wote ulikuwa kazi ya Bi Zuwena, na sasa hawezi kumgusa. Talaka ikishatoka, mke na mume ni watu baki mpaka rejea. Angeweza kumwekea chakula mezani. Kifungo hawezi kumfunga.

Sikumwambia nilichokiona. Nilimwomba aache karatasi na asipeleke chochote popote.

Msimamizi wa Kesi aliisoma ile talaka ameiinamia, kisha akaisoma fomu yangu ya kwanza, penye maneno "anajiweza".

"Umemwachisha mtu mke kwa visanduku viwili," akasema.

"Nilisema kwa mfano."

"Ulikwenda jikoni?"

Nikaanza kuikusanya ile fomu yangu.

"Kilburn hawakukufundisha? Nenda. Usichukue fomu, chukua mfuko wa matunda."

Nikaenda na machungwa. Mzee Khatib alikuwa sebuleni, blanketi limekunjwa pembeni ya kochi, televisheni imewashwa bila sauti. Nikamwamkia, nikasema nampelekea mama machungwa. Akaniashiria mlango bila kugeuka. Bi Zuwena alikuwa anachambua mchele. Mlango wa jikoni aliuacha wazi kwa ajili ya heshima, lakini akafungua bomba la maji.

"Mwenyewe umemwamkia?" akauliza.

"Nimemwamkia. Mama, nimekuja kuuliza tena. Anavaa mwenyewe?"

Akatoa kipunje cheusi, akakiweka pembeni.

"Nilikuwa namvisha. Namwogesha, namnyoa, namfunga viatu. Nyama namkatia kabla sijaileta mezani ili asione nakata. Usiku namshika kwenda msalani, mara mbili, mara tatu. Tangu hiyo karatasi yake simgusi. Nasikia anavyogonga ukuta akitafuta njia, nami nimelala na macho yangu wazi. Nifanyeje? Karatasi ni karatasi."

"Kwa nini hukusema siku ile ofisini?"

"Niseme mbele yake? Wewe ungesema?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Huyo alikuwa anafungua geti la uwanja mzima. Nikukalie mimi mbele nikwambie simwachi kwa sababu hawezi kufunga suruali?"

"Nikiiandika sasa, ukatia saini, tunaweza kuwasilisha."

"Sitii. Si siri yangu, ni siri yake. Amemtuma nani aitoe?" Akafunga bomba, kisha akalifungua tena. "Eti ameniacha kwa ajili yangu, nisihangaike. Ndivyo alivyowaambia watu wa msikitini. Basi mwambie hivi. Ikibaki hivi hivi, eda ikiisha nakwenda kwa dada yangu Coventry. Akinitaka, aseme ninachomfanyia. Kwa mdomo wake. Nami si mgomvi, Bwana Masoud, machungwa asante."

Nilirudi sebuleni kwa Mzee Khatib. Nikakaa kwenye ukingo wa kochi, juu ya blanketi lake.

"Mzee, dawa ya jambo hili haikuwa kuachana. Ni fomu ile ile tuliyoijaza vibaya. Ikijazwa sawasawa, yeye anahesabiwa mlezi wako, hatafuti kazi, na mnakaa mlivyokuwa."

"Ijazwe nini?"

"Anachokufanyia."

"Kasema nini huko?"

"Hakukubali kusema. Kasema useme wewe. Na kasema eda ikiisha anakwenda Coventry."

Akatazama watu wa televisheni wakifungua midomo. "Coventry kuna baridi," akasema.

Nilihesabu siku. Sikuwahi kuhesabu siku za eda ya mtu mwingine, na sipendekezi. Wiki ya kumi ilipita. Ya kumi na moja Msimamizi alikuwa akiniuliza kila asubuhi, kabla ya salamu, "Bado?" nami najibu, "Bado." Yeye si Mwislamu, lakini alikuwa na kalenda ya mwandamo mezani kwake kwa ajili ya kazi, na nikagundua ameweka alama siku ya mwisho ya eda kwa wino mwekundu.

Zimebaki siku nne, Mzee Khatib aliingia ofisini. Ndara zile zile. Akasema mlango ufungwe. Nikaufunga. Akasema pazia nalo lishushwe. Nikalishusha.

"Andika," akasema, "na usinitazame."

Nikaigeuza meza kidogo, nikamwelekezea bega. Akaanza na kuoga. Alizungumza taratibu kama anayesomea mtu namba za mzigo, bila kupamba, na hakuacha kitu. Kunyoa. Viatu. Nyama, na kwamba alijua siku zote kuwa inakatwa jikoni, ila alikuwa akijifanya hajui ili mkewe asijue kuwa anajua. Usiku mara mbili, mara nyingine tatu. Fomu ilikuwa ndefu, nami nilikuwa naogopa kugeuza ukurasa kwa kishindo nisije nikamkatiza. Karibu na mwisho kulikuwa na swali: nani anakusaidia, na ni nani wako?

"Bi Zuwena," nikasema. "Niandike ni nani wako?"

Nikasikia ndara zake zikisugua sakafu.

"Siwezi kuiacha wazi, mzee."

"Andika mke wangu."

Nikageuka, ingawa alinikataza. "Umemrejea?"

"Namrejea sasa hivi. Nimemrejea mke wangu Zuwena. Umesikia? Wewe shahidi. Mwite na yule Ali wa mgahawani, wawe wawili." Ali alipandishwa ngazi na aproni yake ya bhajia, akasikia maneno yale yale mara ya pili, akasema inshallah kheri, akashuka kuwahi mafuta yake.

Kwa sheria yake mambo yalikuwa yamekwisha. Rejea haihitaji ruhusa ya mke. Kwa sheria yangu saini yake ilihitajika kama mlezi. Na kulikuwa na sheria ya tatu, ya yule aliyekuwa anachambua mchele. Kwa hiyo nikabeba fomu, tukaenda wote kwa basi. Mzee akabaki sebuleni na koti lake. Mimi nikaingia jikoni.

Bi Zuwena alikausha mikono, akavaa miwani, akasoma amesimama. Kiingereza cha fomu alikielewa kuliko nilivyodhani. Alisoma kila ukurasa. Penye nyama alirudia. Nilidhani atalia, nami nikajiandaa kutazama jokofu, lakini alichukua kalamu mkononi mwangu.

"Kucha amezisahau," akasema.

"Kucha?"

"Nani anamkata kucha? Ongeza."

Akaongeza mwenyewe, pembeni, kwa herufi ndogo zilizonyooka. Akatia saini. Kisha akapita mbele yangu kwenda sebuleni, nami nikabaki jikoni, kwa sababu nilikuwa nimejifunza angalau kitu kimoja. Nikasikia sauti yake ikisema, "Inua kidevu." Nilipotoka, vifungo vyote vilikuwa kwenye mashimo yao.

Posho ilikubaliwa. Barua ya kocha wa kazi ilifutwa. Msimamizi alifunga faili, akaandika juu yake kwa mkono: mifano marufuku.

Kituo cha Wembley kilifungwa ruzuku ilipokwisha, nami nikastaafishwa nikiwa na miaka hamsini na minane, umri ambao serikali haiuiti uzee. Siku ya kuagana Mzee Khatib alikuja, kanzu imepigwa pasi, Bi Zuwena hatua moja nyuma. Akanishika mkono kwa wa kushoto.

"Bwana Masoud," akasema, "zimenibakia mbili. Leo usinieleze kitu."

Ningependa kumaliza hapa, lakini sheria ile ile imenifikia. Mke wangu Salma amenizidi miaka minane. Ameshastaafu, ameshafika umri wake. Mimi ndiye mdogo. Mwezi uliopita nilikaa mbele ya kocha wa kazi, binti mwenye adabu nzuri, akaniuliza nina ujuzi gani. Nikasema najaza fomu. Akasema siku hizi zinajazwa mtandaoni.

Jioni ile nilikaa sebuleni na fomu yetu wenyewe. Nikamwuliza Salma kwa sauti, kupitia mlangoni, kama ana taabu yoyote, kutembea, kuinama, kulala usiku.

"Sijambo," akajibu kutoka jikoni, sufuria zikigongana.

Nilikuwa nimeshaandika nusu ya neno. Kisha nikaweka kofia kwenye kalamu, nikainuka, nikaenda kuuliza tena.